Siku Tatu Nilizozifanya Kumi na Saba

Swali la tisa kwenye fomu ya kiwanda chetu nililitunga mimi, na ninalionea fahari kuliko cheti chochote nilicho nacho. Kiwanda kiko Kisumu. Tunasindika omena, dagaa wadogo wa ziwani, na kuzitia kwenye pakiti za madukani, na kazi yangu ni kuwakagua watu wanaotuuzia. Kila anayetaka kutuuzia hujaza fomu kwanza. Zamani swali la tisa liliuliza: je, unashikilia vitambulisho vya wafanyakazi wako? Wote waliandika hapana. Mwizi ukimuuliza kama ni mwizi atakujibu hapana, tena atataka kujua wewe umelelewa wapi. Nikamwambia meneja tulibadilishe. Sasa linauliza: unavihifadhi vipi vitambulisho vya wafanyakazi wako? Mwajiri mwema hulishangaa swali hilo, akaandika kwamba kila mtu anacho chake mfukoni. Yule mwingine hufurahi kwamba hatimaye kuna mtu ameuliza habari za bidii yake, na hujieleza vizuri kabisa.

Jumatatu moja ilifika fomu kutoka ufuo mmoja wa ziwa ambao sitautaja. Ilijazwa kwa kalamu ya buluu, herufi kubwa zilizosimama wima. Kwenye swali la tisa mwenyewe ameandika: "Vitambulisho vyote nimefungia kwa kabati ya chuma, funguo nakaa nayo mimi, hakuna yenye imewahi kupotea." Sikuhitaji kutafuta jina. Mwandiko ule niliusoma kila asubuhi kwa msimu mzima, kwenye karatasi ya zamu iliyobandikwa mlangoni pa banda tulimokuwa tunalala. Nilicheka peke yangu hadi mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Miaka kumi na mbili iliyopita nilikuwa msichana wa Kaloleni niliyemaliza kidato cha nne na kukaa tu. Mama yangu aliuza mboga sokoni Kibuye. Yule mama mwenye mwandiko ule alikuwa mteja wake, mtu wa kanisa, mwenye sauti ya upole na mkono usiokosa kitu cha kumpa mtoto. Siku moja alimwambia mama anatafuta wasichana wa kusaidia jikoni kwenye hoteli iliyo kando ya ziwa. Mama alimshukuru mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilipopanda gari lake aliniomba kitambulisho, eti akaniandikishe, nami nikampa bila kufikiri.

Hoteli haikuwapo. Kulikuwa na mchanga, nyavu kuukuu zilizotandazwa juu yake, na omena. Asubuhi tulizipokea kutoka kwenye mashua, tukazimwaga, tukazitandaza kwa mikono tukiwa tumeinama mpaka jua linakaza. Baadaye tukazigeuza. Mvua ikichungulia tukazikusanya mbio, mvua ikienda zake tukazianika tena. Mshahara ungelipwa mwisho wa msimu. Vitambulisho vyetu vilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, chumbani kwake, chini ya kitanda.

Watu huniuliza, na huuliza wakiwa wamekaa kwenye viti vizuri, mbona hukutoroka? Basi wajaribu wao. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu wala kupokea chochote kupitia simu. Polisi wakikusimamisha njiani huna la kuwaonyesha, na ukienda kuomba kipya chifu wa kwenu atataka kujua kile cha kwanza kilikwenda wapi. Tena yule mama alikuwa ametuambia kwamba atakayeondoka bila ruhusa atamshtaki kwa wizi, na sisi tulimwona kila Jumapili akikaa benchi la mbele kanisani pamoja na mkuu wa kituo cha polisi. Mtu hafungwi kwa kamba tu.

Mama yangu alifariki katikati ya msimu ule. Habari niliipata kwa mchuuzi wa samaki aliyetoka Kibuye, akidhani najua tayari. Nilikwenda mlangoni kwa yule mama nikapiga magoti. Mimi ni kifungua mimba, nikamwambia, nipe kitambulisho changu nikamzike mama, nitarudi Jumatatu. Alikuwa anakunywa chai. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "pole sana. Lakini omena haiwezi ngojea matanga. Na hata ukienda saa hii utapata wamemaliza. Utalia na nani?"

Mama alizikwa Jumamosi. Nyumbani walisema nimepata kazi hotelini nikawasahau. Hata leo kuna shangazi yangu asiyenipa mkono. Mwisho wa msimu nilishikwa na homa iliyokataa kuisha, na yule mama akanirudishia kitambulisho changu upesi sana, maana hakutaka nimfie mikononi. Niliuza nguo za mitumba Kibuye, nikasoma kozi kidogo kidogo, nikaingia kiwandani kufunga pakiti, nikapanda hadi hapa nilipo. Watu wa kanisa letu wananisihi nisamehe. Sijasamehe, na mtu asinifungie mfungo kwa ajili hiyo.

Sasa nirudi kwenye ile fomu. Kiwandani tuna kanuni, na hiyo pia niliiandika mimi kwa mkono wangu: fomu ikionyesha kwamba mwajiri ndiye anayekaa na vitambulisho, mkaguzi afike pale ndani ya siku tatu pamoja na afisa wa kazi wa serikali. Siku tatu, kwa sababu ndani ya kabati lile kuna watu wanaongoja. Nilijua hivyo kuliko mtu yeyote mjini. Alhamisi ya wiki ile ningekuwa nimefika.

Sikwenda. Niliikalia ile fomu nikawaza. Nikienda Alhamisi, nikamfungulia kabati na kumkatalia mkataba, atapoteza nini? Atasema Mungu ametaka, atatafuta mnunuzi mwingine. Nilitaka apoteze kitu atakachokiona kila asubuhi akifungua dirisha. Basi nilimpigia simu kwa sauti yangu ya ofisini.

"Mama, fomu yako imetufurahisha," nikamwambia. "Imebaki jambo moja. Kiwanda hakinunui omena zilizoanikwa chini. Jenga vichanja vya mbao na wavu, virefu kufika kiunoni, vya kutosha ufuo wako wote. Ukimaliza nakuja mwenyewe."

"Mama, hiyo si shida!" akasema. "Nipatie wiki mbili tu. Nitauza hata ng'ombe, lakini utakuta zimesimama."

Uza, nikasema moyoni. Uza wote. Kila jioni nikitoka kazini nilimfikiria akisimamia mafundi, akichagua mbao, akiwatangazia majirani kwamba sasa anauza kiwandani. Nililala vizuri siku zile. Niliongeza hata uzito.

Siku ya kumi na saba, Alhamisi, tulifika ufuoni kabla ya saa nne: mimi, dereva, na afisa wa kazi, mzee mpole anayebeba miwani miwili na hajui ipi ni ya kusomea. Vichanja vilikuwa vimesimama kweli, safu kwa safu mpaka karibu na maji, mbao mpya zikinukia msumeno. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wamejipanga kando, wamejifunga leso za rangi moja, wametulia kupita kiasi. Yule mama alikuja kutupokea kwa mikono miwili. Amezeeka, amenenepa, sauti ni ileile. Alinitazama usoni na hakunijua.

"Karibu Mama, karibu Mzee. Hizi vitu zote ni mpya, mguse mwenyewe. Chai iko tayari."

"Tuanze na kabati," nikasema.

Hapo nikamwona akichangamka. Alivuta funguo kutoka kifuani, zimefungwa kwenye kitambaa cheupe, akatuongoza chumbani kwake kama mtu anayekwenda kuonyesha mtoto mchanga. Zama za kopo la maziwa zilikuwa zimepita. Kabati lilikuwa la chuma la kijivu, la kiofisi, na ndani yake, juu ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kulikuwa na mfuko wa nailoni wenye vitambulisho kumi na kimoja vilivyofungwa kwa raba.

"Hawa ni watoto yangu," akamwambia afisa wa kazi. "Msichana ya siku hizi anaweza poteza kitambulisho kwa maji, ama kijana amuibie. Mimi nawawekea. Uliza hii ufuo mzima, hakuna mwenye anaweka kama mimi."

Afisa wa kazi alibadilisha miwani. Akamwuliza kama mfanyakazi akikitaka anapewa. Yule mama akacheka, akasema wanapewa msimu ukiisha, ama unataka waende ovyo ovyo, Mzee? Mzee aliandika yote hayo, akamsomea, akamwomba aweke sahihi. Aliweka sahihi. Aliiweka kwa madaha, na mkia mrefu mwishoni.

Tukatoka nje na ule mfuko. Nilimwambia yule mama awaite wanawake mmoja mmoja kwa majina na kumpa kila mtu chake mkononi. Alidhani tunahakikisha umri, akanihakikishia kwamba wote ni watu wazima.

"Wape," nikasema.

"Niwaonyeshe?"

"Uwape. Wakae navyo. Na leo anayetaka kuondoka anaondoka. Mkataba hupati, Mama, wala mwaka huu wala mwaka mwingine wowote, na viwanda vyote tunavyoshirikiana navyo vitaliona jina lako kabla jua halijatua. Haya mengine utaongea na Mzee hapa, na baadaye na hakimu."

Uso wake ulichukua muda kuelewa. Kisha akageuka akavitazama vichanja, safu zote, moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimeingoja sura hiyo miaka kumi na mbili, na sitadanganya kwamba haikuwa tamu.

"Na hizi?" akauliza. "Si wewe mwenyewe uliniambia nijenge? Ng'ombe yangu yote imeenda kwa hizi mbao. Nitafanya nini na hizi?"

"Anika nguo," nikamwambia.

Dereva alicheka, akajifanya anakohoa. Mimi nikamsogelea yule mama mpaka nikasikia harufu ya sabuni yake, nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia habari za mama yangu wa Kibuye, za chai yake, za kupiga magoti kwangu, na lile neno lake, utalia na nani. Nilitaka aanguke chini. Alinikazia macho, akanitazama kweli kweli, kwa bidii ya mtu anayetaka kusaidia.

"Mama, siwezi kudanganya," akasema. "Sikukumbuki. Mlikuwa wengi."

Mkono wangu ulipanda wenyewe. Afisa wa kazi aliushika kwa utaratibu, akaushusha, akaendelea kuandika.

Wanawake wakapokea vitambulisho vyao. Wengine waliingia bandani mbio kufunga mizigo. Mmoja alikibusu chake. Wa mwisho alikuwa msichana mwembamba wa upande wa Sondu, huenda hajafika miaka ishirini na miwili. Alikipokea, akakigeuza nyuma na mbele, akakaa chini mchangani. Nilimfuata. Nilikuwa bado na hasira na nilitaka mtu wa kufurahi nami, basi nikamwambia, yamekwisha, mdogo wangu, uko huru, tutakufikisha mpaka kwenu.

"Asante, Mama," akasema. "Lakini Baba ashazikwa."

Nikamwuliza lini.

"Jumamosi hii imepita. Alikuwa mgonjwa, akafa Jumapili ile ingine. Niliomba Mama hapa anipatie kitambulisho nikamuone hata kabla akufe. Akasema hapana, watu ya kiwanda wako karibu kukuja, hizi vichanja lazima ziishe, hawezi toa mtu hata mmoja." Kisha akaniuliza kwa heshima tu, bila hila yoyote. "Ni nyinyi?"

Ni sisi, nikasema. Ni mimi.

Nilihesabu pale pale na sikuweza kuacha kuhesabu. Kama ningefika siku ya tatu, angemkuta baba yake anazungumza. Angemnywesha uji. Hata siku ya kumi angewahi mazishi. Baba wa msichana huyu alikuwa hai wakati mimi naota mbao za yule mama. Nilitafuta namna ya kumtupia yule mama lawama yote, na nyingi ilikuwa yake kwa haki kabisa, lakini vile vichanja havikuwa vyake. Niliviagiza mimi, na virefu kufika kiunoni.

Siku hizi kanuni ya kiwanda ina mstari mpya. Mkaguzi mwenye kisa na muuzaji haruhusiwi kuligusa faili lake, na tarehe ya ukaguzi hupangwa na mtu mwingine. Meneja alidhani nimeusoma mahali, akanisifu mkutanoni. Kesi ya yule mama bado inaendelea, na kila inapotajwa mimi naomba ruhusa kazini, navaa nguo zangu nzuri, nakaa mahali anaponiona. Hilo sitaacha. Natumaini safari hii atanikumbuka.

Lakini siku ile ile ya ukaguzi, afisa wa kazi akibaki ufuoni na maandishi yake, mimi na dereva tulimpeleka msichana kwao. Tulipita Ahero, tukashika njia ya Katito, tukaingia Sondu mchana, na njia nzima hakusema zaidi ya kumwelekeza dereva. Langoni kwao aliomba tusimamishe gari. Alishuka, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kwa sauti akikimbia, "Mayo! Baba, mayo!" mpaka nyuma ya nyumba kwenye udongo mbichi, maana kwetu aliyekosa mazishi hasalimii mtu kabla hajafika kaburini. Wanawake wachache waliotoka jikoni walilia naye kidogo. Kilio chao kilikuwa kimekwisha Jumamosi. Kwa sehemu kubwa alilia peke yake, na mimi nikasimama kando ya gari nikimsikiliza mpaka mwisho.

Mama yake alinishika mikono yote miwili. Alikuwa ameambiwa na binti yake kwamba mimi ndiye niliyewatoa. "Erokamano, nyathina, erokamano ahinya," akarudia, akishukuru kwa machozi, na kabla sijapata la kusema walikuwa wamekwisha kumkamata kuku. Nikasema nina haraka. Akasema mtu aliyemrudishia mtoto hatoki hapa na tumbo tupu, hata kama nyumba ina msiba. Dereva, ambaye hajawahi kukataa kuku maishani mwake, alikuwa tayari ameketi.

Waliniwekea meza ndogo peke yangu. Ugali wa mtama, kuku na mchuzi wake. Msichana mwenyewe ndiye aliyeninawisha mikono, macho yamevimba, amepiga goti moja jinsi alivyofunzwa. Mama yake akakaa mbele yangu anione nikila. Nilimega tonge. Nikalishika. Nikaona siwezi kulitia mdomoni na kuendelea kuitwa mtu mwema katika boma lile, nikalirudisha sahanini.

"Mama," nikasema, "nilitakiwa nifike kule wiki mbili zilizopita. Mzee alikuwa bado hai."

"Haidhuru," akasema. "Najua nyinyi mko na kazi mingi."

"Sikuwa na kazi. Nilikuwa na kisasi na yule mama. Nilitaka ajenge kwanza, halafu nimwangushe. Nilijua kuna wasichana ndani, na nikakaa."

Mama yake alinitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri, akamgeukia binti yake amwelezee. Msichana alimwelezea kwa Dholuo, polepole, hakuongeza wala kupunguza neno. Dereva aliacha kutafuna. Mama alitazama chini, akaanza kukunja na kukunjua pindo la leso yake. Nikaomba msamaha.

Kisha msichana akaja mezani kwangu. Hakuwa na hasira usoni, au kama alikuwa nayo sikuiona. Alichukua sahani ya kuku kwa mkono mmoja na ya ugali kwa mkono mwingine, akaingia nazo jikoni. Akarudi na lile birika la maji na beseni, akapiga goti kama mwanzo, akaninawisha mikono ambayo haikuwa imekula.